Usiihesabu Asante ya Mlangoni

Mwanangu, nimepata habari kwamba umepangiwa wodi ya watoto wachanga. Wenzako wamekupa pole, maana wanajua huko hakuna kukaa na mgonjwa wako hana kauli. Mimi nakupa hongera. Sitakufundisha kutafuta mshipa kwenye mkono usiofika unene wa kidole chako cha gumba, wala kukokotoa dozi ya mtoto wa kilo moja na robo. Hayo umeyasomea, na walimu wako ni wa juzi kuliko wangu. Nataka tuzungumze habari za watu wawili ambao darasani hupewa kipindi kimoja tu, tena cha mwisho: mama na baba wa huyo mtoto, na jinsi wanavyokuona wewe.

Wanakuona kweli kweli. Daktari hupita asubuhi kwenye raundi, akaandika, akaondoka. Wewe ndiye uliyebaki, na mzazi hana kingine cha kutazama. Anajua ni nani kati yenu hunawa mikono kabla ya kumgusa mtoto, na ni nani hujipangusa kwenye gauni akaendelea. Anajua ni nani akitaka kubandua plasta ya mrija wa puani huilowesha kwanza, na ni nani huing'oa. Anajua katika zamu ya nani mtoto hulishwa saa yake, na katika zamu ya nani chati hujazwa na maziwa yakabaki kikombeni. Yote hayo anayo kichwani, na hatakuambia hata moja.

Hatakuambia kwa sababu mwanawe yuko mikononi mwako. Mwenye mtoto wodini hana mdomo. Anaogopa kwamba akilalamika mchana, hasira zitamrudia mtoto usiku wakati yeye hayupo. Huenda wewe huna tabia hiyo hata chembe, lakini yeye atajuaje? Kwa hiyo atacheka mzaha usiomchekesha, ataitikia "ndiyo, sista" kwa maelezo ambayo hakuyaelewa, na siku ya kuruhusiwa atakushika mikono yote miwili akushukuru, pengine akuachie na soda mbili na mkate. Asante hiyo ya mlangoni usiihesabu. Ni ya kweli, sikatai, ila ni asante ya mtu aliyetoka salama. Hukumu ya kazi yako ataitoa akifika nyumbani, mbele ya dada yake na jirani wa mlango wa pili. Na huyo jirani ndiye atakayeamua, siku zake zikifika, kama aje hospitali kwenu au abaki na mkunga wa mtaani.

Lile sanduku la maoni lililopigiliwa ukutani na kufuli lake lenye kutu nalo lisikupe matumaini. Mama anayetembea ameshika kidonda cha upasuaji, kikombe cha maziwa mkono mwingine, hana nafasi ya kutafuta kalamu.

Mimi nimeyasikia mengi baada ya kustaafu, walipokuwa hawaniogopi tena. Utayasikia msibani, utayasikia sokoni, utayasikia kwenye daladala mtu akimsimulia mwenzake bila kujua uliyekaa nyuma ni nani. Jambo lililonishangaza ni kwamba karibu hawataji mashine. Oksijeni ilikata, dawa haikuwepo dirishani, watoto wawili walilazwa kwenye inkubeta moja: hayo wanayasema kwa huzuni, lakini wanayasamehe. Wanasema, "Hata wao wafanyeje?" Wasilolisamehe ni neno alilotupiwa mama saa tisa usiku, na kitu alichofanyiwa mtoto bila wao kuambiwa.

Chukua jambo la nywele. Mishipa ya mikono na miguu imekwisha, mtoto anahitaji dripu, unanyoa upande mmoja wa kichwa uweke kanula. Kwako ni kazi ya dakika chache. Mama anarudi kutoka wodi ya wazazi, anakuta mwanawe ana upara wa nusu na sindano utosini. Wewe umeona mshipa. Yeye ameona nywele za kwanza, ambazo kwa watu wengi wa kwetu zina siku yake, zina mnyoaji wake, na zina mahali pa kuwekwa. Kuna waliosubiri siku ya saba wafanye akika. Kuna ambao nywele hizo hushikwa na bibi mzaa baba na si mtu mwingine. Hukukosea kuweka kanula. Lakini kama mama yuko umbali wa mlango mmoja, mwite, mweleze, kisha unyoe. Na nywele zenyewe zifunge kwenye karatasi safi umkabidhi. Nakuhakikishia, hilo litasimuliwa ukoo mzima.

Au chukua taa za kutibu manjano. Mtoto yuko chini ya mwanga wa bluu, uchi, macho yamefungwa kitambaa. Mama asiyeambiwa kitu anaamini mtoto amepofuka, na atakaa na imani hiyo mpaka kesho kwa sababu anaogopa kuuliza. Sentensi mbili zingetosha: damu yake ina rangi ya manjano iliyozidi, ini lake changa halijaweza kuitoa, mwanga huu unaisaidia, kitambaa kinayakinga macho na mwanga, na nikija kumlisha nitakifungua umwone. Basi.

Nikiwa hapo hapo kwenye taa, nikupe kisa chake, kwa kuwa chatuhusu sisi wauguzi. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, Sista Jean Ward alikuwa na mazoea ya kuwatoa watoto njiti nje siku za jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto mmoja ambaye ngozi yake ilikuwa imepungua umanjano mwili mzima, isipokuwa sehemu moja iliyokuwa imefunikwa na pembe ya shuka. Pale palibaki manjano vilevile. Madaktari wakalifuatilia jambo hilo, mwaka 1958 wakalichapisha katika jarida la Lancet, na ndiyo asili ya taa unazoziwasha leo. (Usije ukamwambia mama akamwanike mtoto wa manjano juani badala ya kumleta hospitali, jua la uani halina kipimo.) Lililoanzisha yote ni jicho la mtu anayemtazama mtoto yule yule kila siku. Sasa mwanangu, nani anamtazama mtoto huyo kuliko mama yake?

Mama akikuambia, "Sista, leo amebadilika," acha unachofanya. Hana jina la ugonjwa, wala hawezi kukuonyesha kidole mahali pabaya. Atasema tu kwamba jana alivuta ziwa kwa nguvu na leo analichezea, au analia kilio kisicho chake, au miguu imekuwa baridi. Umesoma kwamba maambukizi ya damu kwa mtoto mchanga huanza hivyo hivyo, kwa dalili zisizo na sura: kuacha kunyonya, kulegea, joto kushuka badala ya kupanda. Kupima joto na kuhesabu pumzi kutakugharimu dakika mbili. Ukikuta mtoto yuko sawa, mwambie, "Nimemwangalia, yuko hivi na hivi, na umefanya vema kuniita." Ukimjibu, "Mama, acha wasiwasi," umemfunga mdomo, na mara ya pili, ambayo pengine ndiyo yenyewe, hatakuita.

Wapo waliojaribu kupima kitaalamu yale yanayowaumiza wazazi hawa. Mwaka 1993 mtaalamu wa uuguzi wa Marekani, Margaret Miles, na wenzake walitoa dodoso lenye mafungu matatu: yale mzazi anayoyaona na kuyasikia wodini, sura na hali ya mtoto mwenyewe, na kule kunyang'anywa nafasi yake ya kuwa mzazi. Limetumika nchi nyingi tangu hapo, na mara nyingi fungu la tatu ndilo linaloongoza kwa maumivu. Si kengele za mashine, si mirija. Ni kukaa pembeni kama mgeni huku mtu mwingine akimlea mwanao. Na Jos Latour, muuguzi wa Uholanzi, mwaka 2012 alipotoa na wenzake dodoso la kupima wazazi wanavyoridhika na huduma ya wodi hizi, waliligawa sehemu tano: habari wanazopewa, matibabu na matunzo, mpangilio wa wodi, kushirikishwa kwao, na mwenendo wa watumishi. Hesabu mwenyewe uone sindano na dawa zimeingia sehemu ngapi.

Kwa hiyo mpe mama kazi. Usimpe kazi ya kufua shuka na kupiga deki, hiyo wanapewa bila kuuliza. Mpe kazi ya umama. Mfundishe kuingiza mikono kwa mtoto bila kumshtua: kiganja kimoja kichwani, kingine miguuni, atulie hivyo kwanza. Mwache abadilishe nepi. Mwache ashike bomba la sindano juu, maziwa yashuke yenyewe kwenye mrija kwa uzito wake, wewe ukiwa umeshahakikisha mrija uko tumboni. Utamwona anavyohema pamoja na yale maziwa mpaka tone la mwisho.

Na maziwa hayo, mwanangu, yana adabu yake. Siku ya kwanza na ya pili mama wa njiti hukamua kwa mkono nusu saa nzima apate mililita mbili, rangi ya manjano, zimeshika ukutani mwa kikombe. Anakuletea amekiinamisha ili zikusanyike upande mmoja. Nimesikia muuguzi akichungulia na kusema, "Ndiyo haya tu?" Mama yule alirudi kitandani, na maziwa yakakauka jioni ile. Wewe unajua kwamba tumbo la mtoto wa kilo moja siku ya kwanza halihitaji zaidi ya hapo, na kwamba hakuna dawa dirishani inayolingana na yale matone. Basi mwambie. Yavute kwenye bomba la sindano mbele yake, tone la mwisho likigoma lifuate kwa ncha, asione limemwagwa.

Utakutana pia na mama anayeumia kwa jambo jingine ambalo halisemi kabisa: anadhani yeye ndiye aliyesababisha. Wifi amemwambia alibeba ndoo, jirani amesema alikula kitu, mwenyewe anakumbuka aligombana na mumewe jioni ile. Wewe unaijua kweli, basi iseme: presha ya mimba, malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, mimba ya mapacha, na mara nyingi sababu haijulikani hata kwa madaktari. Mtazame usoni umwambie, "Hukufanya kosa." Msichana wa miaka kumi na saba ndiye anayelihitaji neno hilo kuliko wote, na ndiye anayepewa masimango kuliko wote.

Kuhusu kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, jiandae na swali. Litakuja kwa namna ya upole: "Sista, mashine zimejaa, ndiyo maana mnatubebesha?" Ni swali halali. Mama ameona kwenye televisheni watoto wa wakubwa wakiwa ndani ya vioo, yeye anaambiwa afungue vifungo, amweke mtoto katikati ya matiti, kichwa kigeukie upande, kofia na soksi, kisha afungwe kitenge. Anajiona amepewa tiba ya maskini. Na asili yake ilikuwa uhaba kweli, usimfiche: mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na inkubeta chache, watoto wamesongamana, maambukizi yanawamaliza, akaona mama mwenyewe awe ndiye joto. Lakini yaliyofuata yamebadili hesabu. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, ukachapishwa mwaka 2021, uliwachukua watoto 3,211 wenye uzito kati ya kilo 1 na chini kidogo ya 1.8. Nusu waliwekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja wapate nafuu. Nusu nyingine walihudumiwa kwa utaratibu uliozoeleka, wakangojewa watulie kwanza. Kundi la kifuani walikufa asilimia 12.0 ndani ya siku 28. La pili asilimia 15.7. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa maana haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba kila mtoto njiti au mwenye uzito pungufu aanze kangaruu mara tu azaliwapo, saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa yule aliyezidiwa sana, asiyeweza kupumua mwenyewe au aliye katika mshtuko.

Mwambie mama hivyo, kwa lugha yake. Mwambie kifua chake kimeshindanishwa na mashine katika nchi tano na kimeshinda. Utaona anavyokaa. Mabega yanarudi nyuma, na akija mtu kumtembelea anamweleza yeye mwenyewe.

Kuna jambo moja katika utafiti huo ambalo wakubwa zetu hulipita haraka: ili mtoto akae kifuani tangu mwanzo, ilibidi kitanda cha mama kiwe ndani ya wodi ya wachanga wagonjwa, si jengo la pili. Mama akalazwa pamoja na mwanawe, wote wawili wakihudumiwa mahali pamoja. Wewe huna uwezo wa kujenga wodi. Lakini una uwezo wa kumtafutia kiti chenye mgongo badala ya lile benchi, na una uwezo wa kutomfukuza raundi ikianza. Mnazungumza habari za mwanawe. Kwa nini asubiri nje, kisha aje kumwuliza mama mwenzake madaktari walisema nini?

Utaniambia, "Mama, sisi ni wachache, watoto ni wengi, hizo hadithi za kukaa na mzazi ni za Ulaya." Najua. Nimeshika zamu za usiku ambazo muuguzi ni mmoja, watoto wamejaa hadi mlangoni, na oksijeni inasoma mwisho. Lakini hebu sikia: mwaka 1979 huko Tallinn, Estonia, daktari Adik Levin aliwaingiza akina mama wodini wakakaa na watoto wao usiku na mchana, na kilichomsukuma kilikuwa uhaba wa wauguzi. Hakuwa na ziada ya watu, alikuwa na upungufu, akaona mama anaweza kulisha, kusafisha, kupima joto na kuita akiona jambo. Anayesema hana muda wa kumfundisha mama anajikuta akilisha watoto kumi na wanane kwa mkono wake mwenyewe kila baada ya saa tatu, na bado anasema hana muda.

Mashine nazo zieleze. Kile kidude kinachofungwa mguuni kusoma oksijeni kinachomoka kila mtoto akijinyoosha, na kengele inalia. Ninyi mmeizoea, mnaendelea na soga. Mama moyo unasimama. Mfundishe: ikilia, tazama mtoto kwanza, mashine baadaye. Kifua kinapanda? Midomo ina rangi yake? Basi ni kidude kimechomoka. Na kama mtoto amesahau kupumua, jambo ambalo njiti hulifanya, mwonyeshe jinsi ya kumsugua unyayo huku anakuita. Kuna mama zaidi ya mmoja aliyemrudisha mwanawe kwa kidole kimoja, sisi tukiwa upande wa pili wa wodi.

Baba sasa. Huyu tumemfanya kuwa pochi. Anasimama getini na mlinzi anamwambia saa za kuona wagonjwa bado, akiingia, neno la kwanza analosikia ni "Baba, hii haipo, kanunue." Sera inasema matibabu ya mtoto wa chini ya miaka 5 katika vituo vya umma ni bure, naye ameisikia redioni, kwa hiyo usishangae akikutolea macho. Kabla ya kumpa karatasi ya dawa, mpe habari za mwanawe. Mwite aje amwone. Wengi hawajui kwamba kifua cha baba nacho kinafaa kwa kangaruu. Wakati mama anaoga au analala kidogo, baba anaweza kumvaa mtoto. Wapo watakaoona haya, usiwalazimishe. Wapo watakaokaa pale bila kusema neno mpaka mlinzi aje kuwatoa.

Na bibi, mama wa mama au mama mkwe, atakuja na kikaratasi kilichosokotwa, dawa ya kitovu. Usimpigie kelele. Mwamkie kwanza, shikamoo haikupunguzii cheo. Mpokee, mkalishe, mweleze kwamba kitovu cha mtoto huyu tunakiacha kikavu na kwa sababu gani. Ukimwaibisha mbele ya mkwe wake, ile dawa itapakwa nyumbani, na siku ya kliniki utaletewa kitovu kinachotoa usaha.

Siku hizi mnapelekwa kwenye semina mkafundishwa kumwita mzazi "mteja". Mimi silipendi jambo hilo, na uzee wangu unaniruhusu kusema. Mteja akiudhika huenda duka la pili. Huyu hana duka la pili. Tabasamu la semina analijua, na halimsaidii kitu kama hajui mwanawe amepungua uzito au ameongezeka. Mama akisikia gramu ishirini zimeongezeka tangu jana, hahitaji tabasamu lako.

Kuna watakaokufa. Takwimu za taifa za mwaka 2022 zinasema kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 24 hawamalizi mwezi wa kwanza, na sehemu kubwa ya watoto hao hupitia wodi kama hiyo yako. Usimpe mzazi habari hiyo kwenye korido, na usimwambie "hali imebadilika" halafu ukamwacha abahatishe. Mketishe. Kama yuko peke yake, mwulize aitwe nani. Tumia neno lenyewe, amefariki, kwa sauti ya chini. Taja jina la mtoto kama amekwisha kupewa. Kwenye faili ameandikwa "mtoto wa fulani", lakini mara nyingi mama ana jina alilokuwa akimwita kimya kimya, mwulize tangu siku ya kwanza alipolazwa. Toa mirija yote, mpanguse, mfunge kwenye kanga yao, si kwenye shuka ya hospitali, kisha mwulize mama kama anataka kumshika. Asipotaka, usimlazimishe; akitaka, usimharakishe. Ndugu Waislamu watataka kumzika mapema, basi karatasi zao zisikwame mezani kwako kwa sababu ya kukabidhiana zamu. Na yule mama usimrudishe kwenye kitanda kilicho kati ya wawili wanaonyonyesha, maziwa yake bado yanatoka.

Waliofiwa ndio niliojifunza kwao zaidi. Wao hawana tena sababu ya kukuogopa, kwa hiyo husema kweli. Nimesikia baba aliyezika mwanawe akimtaja muuguzi kwa jina na kumwombea dua, kwa sababu tu alikaa nao. Nimesikia pia mama ambaye mwanawe alipona kabisa, sasa yuko shule, na bado hapiti njia ya hospitali ile.

Siku ya kuruhusiwa nayo ina hofu yake, ingawa kwako ni kitanda kimepatikana. Mama ameishi wiki kadhaa akisikia mashine ikipumua pamoja na mwanawe, leo anaambiwa aende naye chumba kimoja cha kupanga, usiku, peke yake. Usimsomee dalili za hatari kwa kasi ya kondakta. Mwambie akuambie yeye: utamrudisha ukiona nini? Akitaja kwamba hanyonyi, anapumua haraka au kifua kinabonyea, anashtuka kwa degedege, amepoa au ana joto sana, viganja na nyayo zimekuwa manjano, basi mwache aende. Asipotaja, hajaelewa, rudia. Mwulize pia kama ameajiriwa, maana sheria za kazi zilirekebishwa mwaka 2025 na mama aliyejifungua njiti sasa anaongezewa likizo hadi zitimie wiki 40 za ujauzito. Watu kama Doris Mollel, ambaye naye alizaliwa njiti, walilipigania hilo miaka mingi, na bado wapo akina mama wanaorudi kazini kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Mwanangu, nina ombi moja. Asubuhi mnapokabidhiana zamu mtasema uzito, joto, maziwa, dawa, oksijeni. Ongezeni mambo mawili kwa kila mtoto: mzazi ameambiwa nini, na ameuliza nini. Yaandikeni kwenye faili kama mnavyoandika joto, na wa zamu inayoingia aanze kazi kwa kwenda kumjibu yule aliyeuliza.